Miguu Safi ya Alhamisi Kuu

Sifa mwanangu,

Sitauliza kama uko muzima, juu ninakusikia hapo nyuma ya pazia unafunga valizi ya nguo, unaifungua tena, unaifunga. Nimekaa kwenye meza ya pasi. Nguo za altare nimezisogeza kando, ninaandika. Mambo ya safari nimekwisha kukuambia kwa kinywa mpaka umechoka, siyarudilii. Barua hii nimeiandika juu ya neno moja ambalo kwa kinywa limenishinda miaka minane.

Papa yako hakumufukuza dada yako mukubwa, yaya Nabintu. Ni mimi.

Nimeliandika mbio kabla mukono haujageuka. Sasa ngoja nipumue kidogo.

Juma lililopita ulikuwa unamenya viazi, ukaniuliza bila kuinua macho: “Maman, kama ni Papa alimufukuza Yaya, juu ya nini Yaya aliita mutoto wake Déo, jina ya Papa?”

Nikasema, “Sijui. Labda jina lilimupendeza tu.”

“Jina ya mutu mwenye alikufukuza inaweza kukupendeza?”

Nikainuka, nikasema ninaenda kuangalia maji kwenye moto. Hakukuwa maji kwenye moto, Sifa. Nilisimama jikoni nikiangalia makaa ya jiko, nikangoja uanze kuimba kama unavyoimba ukiwa na kazi mukononi. Haukuimba.

Usifikiri ninakuambia juu nimekuwa mwema. Kesho unafika Sange, umepata kazi ya unesi kule, na utalala kwa yaya yako. Mwaka muzima munaandikiana kwenye simu, na kila ukimuuliza jambo hili anakujibu: “Kuya kwanza, mambo ya hivi haiandikwake mu telefone.” Sasa unaenda, naye atasema. Mimi nimekimbia nimutangulie siku moja tu. Imani yangu yote, na rozari zangu zote, imenifikisha hapo: kusema kweli siku moja kabla mwingine hajaisema.

Unajua kazi yangu kanisani. Unajua Masista ndio walinifundisha kufua nguo za altare, kuzitia wanga na kuzipiga pasi bila kuacha alama. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, nikaishia hapo, lakini mwaka wa Kanisa niliujua kuliko watu wenye diplome. Zambarau ya Majilio, nyeupe ya Noeli, zambarau tena wakati wa majivu, nyekundu ya Ijumaa Kuu, kisha ile kijani inayokaa miezi na miezi mpaka inapauka kwa jua. Watu walinisimamisha njiani: “Mama Nabintu, Jumapili ni rangi gani?” Nikawajibu bila kuangalia kalenda. Kidogo kidogo nikaanza kuamini kwamba mutu anayeshika vitu safi, naye ni safi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, mbele ya pasi.

Nabintu alipopata mimba alikuwa finaliste, mwaka wa mwisho wa sekondari. Papa yako alikuwa Kamituga, kwenye ile kazi yake ya kujenga nyumba za watu. Nikamupigia simu nikilia. Akasema: “Mimba haiambukizake, Mama Nabintu. Mutoto abaki kwetu.” Nikasema ndiyo. Kisha nikamupeleka Nabintu kwa ndugu yangu, tantine yenu, kule Bunyakiri, nikamuambia papa yako kwamba ni yeye mwenyewe aliomba kwenda juu anaona haya. Haya ilikuwa yangu. Yeye alipanda gari anatapika.

Alizalia kule. Mutoto alipofika miezi mitatu, Pasaka ilikuwa inakaribia, na parokiani wakachagua watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu, mutu mumoja katika kila shirika. Mwaka ule padri alisema na wanawake waingie, ilikuwa mara ya kwanza kwetu. Katika shirika letu, nyumba zote hizi zinazosali pamoja, wakanitaja mimi. Sifa, sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya ndoa yangu. Siku ya ndoa nilikuwa na woga. Siku hii sikuwa na woga.

Prezida wa shirika alipita hapa Jumatatu ya Juma Kuu, akakaa kwenye kiti cha papa yako, anacheka.

“Mama Nabintu, usituletee haya. Padri asikute udongo ya huku Kadutu ku muguu ya shirika letu.”

“Prezida, anaoshaka ya kuume ao ya kushoto?”

“Ya kuume tu. Lakini osha zote mbili, Mungu anaona na ya kushoto.”

Tulicheka mpaka wewe ukatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Ni kitu ambacho kila mutu kwetu anafanya na hakuna anayekisema: unachaguliwa kuoshwa miguu, basi unaiosha kwanza nyumbani. Wengine wanaanza juma muzima mbele. Wanasugua, wanapaka mafuta, wanavaa soksi ndani ya nyumba ili isipasuke. Padri anajua. Anapiga magoti mbele ya miguu iliyokwisha kunawa, anamwaga maji, na maji yanarudi kwenye beseni yakiwa safi vilevile yalivyotoka kwenye jagi. Nimefikiri sana juu ya maji yale. Nani kati yetu alioshwa siku ile?

Alhamisi ile mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ikatulia kidogo saa za kuelekea misa. Wewe ulikuwa umekwisha kwenda na kwaya ya watoto. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni ya maji ya moto, ninasugua kisigino kwa jiwe. Nikasikia mutu anapanda ile njia ya chini, anateleza, anashika majani, anapanda tena. Nikainua macho, ni Nabintu. Udongo mpaka magotini. Viatu alikuwa ameshika mukononi. Mugongoni mutoto, amefunikwa na kikwembe chote cha kitenge, hata kichwa. Lori lililomutoa Bunyakiri lilikuwa limekwama, akamaliza njia kwa muguu.

“Maman, nimefika.”

“Nimekuona.”

Akaangalia beseni, akacheka. Ulikuwa mudogo, labda umesahau kicheko chake, alikuwa anacheka na mabega. “Kumbe na weye uko nanawa. Nipatie na mie ile maji yenye itabakia, ninawe.”

Nikasema, “Ngoja kwanza. Prezida iko nakuja kunitwaa.”

“Prezida gani?”

“Ya shirika. Nabintu, shuka kwa jirani, kwa Mama Cito, ukae pale. Misa ikiisha nitakuja kukutwaa.”

“Maman, mutoto iko na baridi.”

“Ni misa tu. Usiniletee haya leo.”

“Leo ni siku gani?”

“Alhamisi Kuu.”

Akaniangalia miguu. Haikuwa uso, Sifa, ilikuwa miguu aliyoangalia, ikiwa myeupe kwa sabuni. Akasema, “Aa. Sawa, maman.” Akageuka akashuka polepole, anapima kila hatua asianguke na mutoto. Sikuinuka. Sikufunua kikwembe nimuone mutoto uso. Sikuuliza hata kama ni wa kiume ao wa kike, nilijua tu kwamba amezaliwa, vile tantine alivyoniandikia.

Maji yale nikayamwaga chini ya migomba. Yalikuwa bado ya moto.

Prezida akatokea kwa juu na mwavuli wake. “Nani ule anashuka na mutoto?”

“Sijui. Ni mupita njia.”

Kanisani nilikaa kwenye kiti cha tatu. Padri akapiga magoti, akashika muguu wangu wa kuume, akaumwagia maji, akaupangusa, akainama akaubusu. Niliangalia utosi wake na nywele zinazoanza kupungua. Niliinua macho nisilie, na pale, safu ya pili kati ya wanawake, nikamuona Mama Cito.

Mama Cito alikuwa kanisani.

Bila shaka alikuwa kanisani. Avenue nzima ilikuwa kanisani, ni Alhamisi Kuu, ni nani anayebaki nyumbani Alhamisi Kuu? Nilikuwa nimemutuma mutoto wangu kwenye nyumba iliyofungwa kufuli. Na nilikijua kitu hicho padri akiwa bado na taulo mukononi. Ningeweza kuinuka. Watu wangesema amepata kizunguzungu, basi. Sikuinuka. Misa ikaisha, wakahamisha Ekaristi, wakaanza kukesha kwa zamu. Zamu ya shirika letu ikafika, nikapiga magoti. Ikaisha, nikabaki na zamu ya shirika lingine. Nikasikia nyuma yangu: “Angalia Mama Nabintu vile iko na imani.” Nilikuwa nimebaki juu niliogopa kurudi nyumbani. Yezu usiku ule anauliza marafiki wake kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja. Mimi nilikesha saa mbili. Nilimukeshea Yezu, nikimukimbia mutoto.

Niliporudi hakukuwa mutu, kwetu wala kwa Mama Cito. Wewe uliniuliza kwa nini ninazunguka nje, nikasema ninatafuta ndoo.

Jumamosi, Vijilia ya Pasaka, unajua vile tunafanya: kanisa linakuwa giza, moto unatoka kwenye mushumaa mukubwa, kila mutu anaupokea kwa jirani. Wa kwangu niliupokea kwa Mama Cito. Akainamisha mushumaa wake kwa wangu, akaninong’oneza: “Mama Nabintu, ile Alhamisi nilikuta soksi ya mutoto ku mulango yangu. Moja tu, imelowa. Itakuwa ya nani?”

Nikasema, “Pengine ya mupita njia.”

“Masikini,” akasema. “Na mvua ile.”

Moto ukashika kwangu. Nikamupatia aliyefuata.

Papa yako alirudi Pentekoste. Nikamuambia Nabintu ametoroka kwa tantine, amefuata mwanaume. Hakuniamini wala hakubishana. Alikwenda Bunyakiri, akarudi, akashuka bondeni, akauliza watu Kamanyola, akauliza mpaka Sange. Akamupata. Alikuwa anauza mihogo kwa mama mumoja muzuri aliyemupokea. Papa yako alirudi hapa sikukuu ya Asumptio, mwezi wa nane, watu wanatoka misa na maua. Akakaa. Akavua kofia.

“Nimemuona. Ameniambia.”

Nikangoja anipige. Unajua papa yako hakuwa mutu wa kupiga, lakini siku ile niliomba anipige. Akauliza neno moja tu: “Juu ya nini haukumupatia ile maji?”

Nikachukua kofia yake, nikaitundika ukutani. Hakurudilia kuuliza. Ila tangu siku ile hakukanyaga tena kanisani pamoja na mimi, na watu wa shirika wakanihurumia: “Pole Mama Nabintu, kubeba musalaba ya bwana asiyesali.” Nikapokea pole yao. Nikaipokea kila Jumapili.

Sasa tunafika kwako.

Ulikuwa unakwenda miaka kumi na tatu. Tulikuwa tunakula sombe ya majani ya mihogo, sisi watatu. Ukasema, “Ninataka kujua nani alimufukuza Yaya.” Nikasema, “Uliza papa yako.” Nilisema maneno hayo matatu, nikarudisha kijiko kwenye sahani.

Papa yako akaniangalia. Nilimuona akitafuta maneno, nikamuona akiyaacha. Akanywa maji. Akasema, “Ni mambo ya wakubwa, Sifa.” Wewe ukainuka ukachukua sahani yako ukaenda kulia jikoni, na toka siku ile haukumuita Papa bila kulazimishwa. Ulipokwisha kutoka nikamuambia, sijui ilikuwa asante ao aibu: “Ungesema.” Akajibu: “Mutoto mwanamuke hawezi kukomaa mu nyumba moja na mama mwenye yeye hamuamini. Mie ninakaaka Kamituga. Anaweza kunichukia kwa mbali.”

Soma tena maneno hayo, usome maneno yake, yangu uyaache. Nimekaa nayo peke yangu miaka yote, na yalikuwa yako.

Noeli ya mwaka ule ulicheza Bikira Maria mbele ya pango. Nilikushonea shela kutoka kitambaa kilichobaki cha altare. Uliniuliza mara nyingi kwa nini nilitoka kanisani katikati, nikakuambia tumbo. Unakumbuka yule kijana aliyecheza mwenye nyumba ya wageni? Mulibisha, Yosefu akaomba nafasi, na yule kijana akasahau maneno yake. Akakuangalia na ule muto uliofunga tumboni, akauliza, “Muko wangapi?” Kisha akasema, “Basi, ingieni tu.” Kanisa lote likacheka. Katekista akapiga kelele nyuma ya pazia: “Weee, sema hakuna nafasi! Soma texte!” Yule kijana akajibu, “Lakini iko na mimba.” Watu wakacheka mpaka padri akapangusa macho. Mimi ndipo nilipotoka.

Papa yako alipokufa ulikuwa na miaka kumi na tano. Haukulia. Kwenye kilio mama wengine walisema mutoto huyu ana roho ngumu, walisema kwa sauti ili nisikie, nami nilisikia. Ningeweza kuwaambia roho yako si ngumu, imefungwa, na ufunguo ninao mimi. Niliwapatia chai. Nabintu hakuweza kufika, barabara ilikuwa imefungwa siku zile juu ya vita, naye alimulilia kule kule. Wewe uliyekuwa hapa, miguuni pa kitanda chake, ndiye haukulia.

Kila Siku ya Marehemu ninakwenda makaburini na mishumaa, wewe unabaki. Mwaka jana uliniambia, “Muwashie na ya kwangu kama munataka. Mie sina neno naye.” Niliwasha miwili, nikamuambia wa pili ni wa Sifa. Basi hata marehemu nimemudanganya.

Utauliza kama niliungama. Niliungama. Nilisema, “Padri, nilimukosea mutoto wangu.” Akauliza vipi, nikasema nilikuwa mukali. Akanipa Salamu Maria tatu. Niliungama kidogo, nikasamehewa kidogo, nikatoka nikaenda kupiga pasi.

Siwezi kukushauri juu ya dini, mwanangu. Utasali ao hautasali, kule Sange hakuna atakayekuchunga. Mimi ninashika bado, sijui kuishi bila hiyo kalenda. Lakini kitu kimoja nilikiona kwa kuchelewa: alama zetu zote zinachafua. Majivu yanachafua uso. Mafuta yanapenya nguo. Mushumaa unakudondokea mukononi. Maji ya Alhamisi Kuu yaliwekwa juu ya miguu yenye udongo, na siku udongo ulipopanda mpaka kwangu, umetoka Bunyakiri, mimi nikauambia ungoje misa iishe. Ukikuta mutu mulangoni na wewe uko unajitayarisha kwa jambo takatifu, sikuambii la kufanya. Ninakuambia tu kwamba mimi nilijitayarisha vizuri sana.

Kwa yaya yako usinibebee salamu. Usimuombe anisamehe, wala usimuambie ninazeeka, wala kwamba ninalia. Siku nitakapokuwa na nguvu ya kupanda gari nitakwenda mwenyewe, na akinituma kwa jirani nitakwenda kwa jirani. Miaka minane gari zinatoka kila asubuhi na sijapanda hata moja. Sikuahidi kitu.

Nilifikiri kuificha barua hii ndani ya valizi, kati ya nguo, uikute ukiwa umekwisha kufika, mahali ambapo hauwezi kunirudia. Nikaona ni ujanja uleule. Nitaiweka karibu na chai yako. Isome hapa, mimi nikiwa nje uani. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa sauti, avenue isikie, hata Mama Cito, ambaye anastahili kujua ile soksi ilikuwa ya nani. Ukitaka kwenda bila kuniaga, nenda. Sitakushika mukono, sitakufuata mpaka parking ya magari, sitasema kwamba mama ni mama.

Lakini juu ya papa yako ninakuomba. Nilikuibia kilio chake na sijui namna ya kukirudisha. Siwezi kuita watu upya, siwezi kukuwekea mukeka. Pengine kitakukuta ndani ya gari, kwenye zile kona za mulima wa Ngomo, umebanwa kati ya watu usiowajua, mutu ana kuku miguuni, mwingine anasikiliza redio. Watakuuliza una nini. Waambie papa yako amekufa. Wakiuliza lini, waambie leo asubuhi.

Ni mimi, maman yako.